Mboga Haziliwi kwa Fimbo



Mama mmoja wa Baraka ameniletea swali ambalo, nadhani, lawahusu wazazi wengi tangu Mboko hata Kazimia. Asema hivi: "Mwalimu, mwanangu ana umri wa miaka minne. Nikimpakulia lengalenga, huzisukuma kando ya sahani. Nikimkatia papai, huonja kidogo na kulitema. Lakini apitapo mchuuzi wa biskuti, hulia mpaka nitoe franka. Nimembembeleza, nimemkaripia, hata fimbo nimeishika. Nifanye nini?"

Pengine wako watakaosema ya kuwa hilo ni neno la jikoni, si neno la gazeti, na ya kuwa mtoto mwenye njaa atakula apewacho. Mimi siafiki. Kwanza si kweli ya kuwa mtoto mwenye njaa hula kila apewacho: akijua ya kuwa akilia kitambo kidogo atapata biskuti, atalia. Tena neno hili la jikoni ndilo liamualo kama mtoto atakuwa na macho mazima, damu ya kutosha, na mwili uwezao kushindana na malaria na kuhara. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa katika nchi yetu nzima mwaka 2013 na 2014, watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walionekana kuwa wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Ufupi huo si wa ukoo. Ni alama ya chakula kisichotosha au kisichofaa, na ya maradhi yanayorudi mara kwa mara.

Sisi watu wa Kivu twalijua jambo hili tangu zamani. Ndugu zetu Washi wana jina lao la ugonjwa wa mtoto avimbaye miguu na uso, nywele zake zikigeuka rangi na ngozi ikibanduka: huuita bwaki. Katika miaka ya 1960 watu wa Bukavu waliunda chama cha kupigana nao, nacho kikachukua jina hilo hilo, Comité Anti-Bwaki. Niseme mara moja, nisije nikaeleweka vibaya: matunda peke yake hayaponyi bwaki. Mtoto mwenye alama hizo apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Na mtoto mzima apewe maharagwe, karanga, yai likipatikana, na ndagala wa ziwa letu. Mboga na matunda hayachukui nafasi ya vyakula hivyo. Lakini mtoto alaye ugali wa muhogo na mchuzi tu, siku baada ya siku, hukosa vitamini ambazo muhogo hauna, hata akishiba mpaka tumbo likawa kama ngoma.

Basi, turudi kwa yule mtoto wa miaka minne. Je, ni mtundu? Hapana. Ulimi wake haujafundishwa, nao ulimi hufundishwa kama vile mkono ufundishwavyo kuandika. Twaona habari hiyo katika historia yetu wenyewe. Tangu mwaka 1996 jamaa nyingi za Fizi zilivuka ziwa zikikimbia vita, na wengi wakakaa miaka mingi Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma. Kuanzia Oktoba 2005 vyombo vilianza kuwarudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Watoto waliozaliwa kambini walikuwa wamelelewa zaidi kwa posho: unga wa mahindi, kunde kavu, mafuta na chumvi. Mtoto wa namna ile, akifika kwa babu yake na kuwekewa chungu cha sombe, si ajabu akunje uso. Hajawahi kuionja nyumbani kwake. Na leo wako wengine wa hali hiyo: walioshuka kutoka milima ya Itombwe na Minembwe kwa sababu ya mapigano, na Warundi waliopokewa Lusenda tangu mwaka 2015. Mtu akipoteza shamba, hupoteza pia ladha alizotaka kuwarithisha wanawe.

Bibi mmoja wa Marekani, Leann Birch, mwalimu wa chuo kikuu, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watoto wadogo wajifunzavyo kula. Yeye na wenzake waliona ya kuwa mtoto hukikataa chakula kigeni kwa asili yake, kama mbuzi anusaye jani asilolijua. Lakini akikionja tena na tena bila kulazimishwa, mara nane, mara kumi, hata mara kumi na tano, watoto wengi huanza kukipenda. Mara kumi na tano! Sasa tuhesabu sisi. Mama zetu wengi humwonjesha mtoto papai mara mbili au tatu, kisha husema mbele ya jirani, "Huyu hapendi papai." Neno hilo humkaa mtoto kama jina la ubatizo, naye hulitumia kila apewapo papai.

Kwa hiyo, mama uliyeniuliza, fanya hivi. Mwekee kipande kimoja tu, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kando ya chakula anachokipenda. Usimsifie papai, usimtishe, usimwambie habari ya vitamini. Mtoto wa miaka minne hajali vitamini. Akikiacha, kichukue ukile wewe mwenyewe mbele yake, kwa furaha, bila kumtazama. Kesho kutwa rudia. Ukifika mara ya sita na bado anatema, usikate tamaa, maana huko kutema ni kuonja. Na fimbo uirudishe mahali pake. Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya lengalenga atazila siku hiyo huku akilia, na siku atakapokuwa mkubwa, mwenye fedha zake mwenyewe, hatazinunua kamwe.

Liko pia jambo la pili, ambalo wazazi wapole hulifanya wakidhani ni hekima: kumlipa mtoto. "Maliza mboga, nitakupa bombo." Bibi Birch alilichunguza na hilo, mwaka 1984. Watoto waliozawadiwa ili wanywe kinywaji fulani walikipenda kinywaji kile kidogo kuliko walivyokipenda mwanzo. Sababu ni wazi, na mtoto ni mwerevu kuliko tudhanivyo: kama mboga ni kazi ambayo watu hulipwa kwayo, basi haiwezi kuwa tamu; na ile bombo, ambayo ndiyo mshahara, ndiyo chakula bora.

Mafundisho ya ulimi, tena, huanza kabla ya mtoto kuota jino. Mwaka 2001, huko Philadelphia, Bibi Julie Mennella na wenzake walieleza habari ya akina mama waliokunywa maji ya karoti siku nyingi, wengine wakiwa na mimba, wengine wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, wakapewa uji uliochanganywa na karoti, waliupokea kwa uso mzuri kuliko watoto wa akina mama waliokunywa maji matupu. Maana ladha ya chakula cha mama hupita katika maji yamzungukayo mtoto tumboni, na katika maziwa pia. Basi mama mjamzito alaye matembele, lengalenga na embe amekwisha kuanza kumfundisha mwanawe. Nawaomba akina bibi, ambao neno lao lina nguvu katika nyumba zetu, wasimkataze mjamzito matunda.

Na sasa niseme na akina baba. Katika nyumba nyingi baba hula kwanza, au hula mbali na watoto, naye huwekewa samaki aliye mkubwa. Sipendi kuingilia desturi za watu nyumbani kwao. Lakini nimesikia mara nyingi mwanamume akisema, huku akicheka, ya kuwa majani ni chakula cha mbuzi na wanawake. Mwanawe wa kiume amesimama karibu, anasikia. Kuanzia siku hiyo mama apike namna gani? Mtoto hatazami kinywa cha mwalimu. Hutazama mkono wa baba yake uingiao katika sahani. Baba akimega tonge, akachota sombe, akasema tu, "Leo mama yenu amepika," amefanya kazi kubwa kuliko masomo yangu ya mwezi mzima.

Yako maneno ya saa pia. Chakula kikubwa cha jamaa, katika nyumba zetu nyingi, huiva jioni, baada ya mama kurudi shambani au sokoni. Mtoto hutoka shule saa sita au saa saba mchana, naye hakuta kitu. Saa hizo za katikati ndizo saa za biskuti. Ndizo pia saa za muhogo mbichi, na hapo nawasihi wazazi waangalie sana. Muhogo mtamu hauna neno kubwa. Lakini muhogo mchungu una sumu, ndiyo maana mama zetu huuloweka siku kadhaa kabla ya kuuanika na kuutwanga. Mtoto wa miaka sita, mwenye njaa, hawezi kupambanua shina na shina.

Basi, mtoto awekewe kitu. Kikapu kidogo chenye kifuniko, mahali ambapo mkono wake wafika, na ndani yake ndizi mbili, kipande cha kiazi kitamu kilichopikwa jana, pera, au karoti iliyooshwa. Asiombe ruhusa: kikapu ni chake. Nimeona ya kuwa mtoto hupenda sana kitu kilicho chake. Na kwa kuwa tumbo lake ni dogo, hawezi kula mara moja jioni na kutosheka. Mdogo ahitaji kula mara nyingi, kidogo kidogo. Shirika la Afya la Ulimwengu, lile tuliitalo OMS, lilitoa shauri mwaka 2023 ya kuwa mtoto wa miaka 2 hata 5 apate walau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hata 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Asiogope mtu hesabu hizo. Embe moja la kadiri, pamoja na mboga ya jioni, humfikisha mtoto mdogo karibu na kipimo chake.

Matunda gani? Wengi hudhani ya kuwa matunda bora ni yale yaletwayo katika makasha kutoka mbali. Sivyo kabisa. Tazameni pera. Pera hatulipi heshima yoyote; watoto hulichuma njiani, na mama huwakemea ya kuwa watafunga choo kwa mbegu zake. Lakini, kwa uzito ule ule, pera lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa. Na vitamini hiyo hufanya kazi moja ambayo wachache waijua: husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga za majani. Chuma ndicho kijengacho damu, na katika nchi hii ya malaria ni nani asiyejua mtoto aliyepungukiwa damu, mwenye viganja vyeupe? Basi pera, chungwa au ndimu iliyokamuliwa katika mboga, vifuatane na chakula. Chai, kinyume chake, huzuia kazi hiyo. Chai na ingoje.

Embe na papai ni habari ya macho. Rangi ile ya manjano na nyekundu iliyo ndani yake ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aikosaye huanza kutoona vizuri wakati wa jioni: hujikwaa kwenye kizingiti, huogopa kutoka nje jua likituka, na wenzake humcheka. Wazazi wasicheke. Hiyo ni hatua ya kwanza ya njia iendayo katika upofu kamili, na mtoto huyo apelekwe kwa waganga upesi. Wakati wa kampeni za kugawa matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hata 59, asiachwe mtoto nyumbani. Lakini matone huja mara mbili kwa mwaka, na mwembe umesimama hapo kila siku. Watoto wetu hupenda embe bichi kwa chumvi na pilipili; waachieni raha yao, ila wajue ya kuwa embe lililoiva ndilo lenye rangi hiyo kwa wingi. Kadhalika majani mabichi ya kijani iliyokoza, kama sombe, matembele na lengalenga, yana vitamini hiyo ingawa rangi yake imefichwa na kijani.

Na mawese! Mwenyezi ametupa sisi watu wa Fizi mafuta mekundu ambayo nchi nyingine hazina. Wekundu wake ni ile ile rangi ya embe, tena vitamini A hupenya mwilini vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Kijiko kimoja cha mawese katika mboga ya mtoto ni kitu chema. Lakini wako wapishi wanaoyachemsha mawese mpaka yawe meupe, ati ndio ustaarabu. Wanachoma dawa kabla ya kuila. Mimi sioni ustaarabu hapo.

Kiazi kitamu kimepata heshima mpya siku hizi. Wataalamu wamezalisha viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa ajili ya vitamini hiyo hiyo ya macho, na mwaka 2016 watu wanne walipewa tuzo kubwa ya ulimwengu ya chakula kwa kazi ya namna hiyo. Mmoja wao ni Robert Mwanga, jirani yetu wa Uganda. Kiazi hicho kikipikwa na kukatwa vipande vyembamba ni bombo isiyooza meno. Akina mama wapatao mbegu wasiifiche. Wagawane na jirani, maana kiazi hupandwa kwa vikonyo na kikonyo hakina bei.

Avoka na ndizi mbivu ni za mtoto mdogo kabisa, aliyetimiza miezi sita na kuanza kula. Ziponde kwa uma safi, basi, hazihitaji moto. Papai laini pia. Ila kwa walio chini ya miaka minne au mitano tahadharini na vitu vigumu vya mviringo, kama karanga nzima, kipande cha karoti mbichi, kokwa: mtoto akicheka huku anatafuna, kitu huingia njia ya pumzi. Karanga zitwangwe, karoti ipikwe, na mtoto ale akiwa amekaa.

Sasa naja kwenye neno ambalo lanitia hofu kuliko yote, nalo ni maji. Kipindupindu hakijatuacha. Pwani ya ziwa letu, tangu Uvira kupita Baraka hata Kalemie, hutajwa kila mara habari za ugonjwa huo zinapotoka. Mama akinunua maembe sokoni, akayaosha ufukweni pale pale ambapo watu huoga na kufua, na mambo mengine nisiyotaka kuyaandika, hakuyaosha, ameyapaka. Tunda lioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa au yaliyochemshwa, na mikono kwa sabuni kabla ya kisu kushikwa. Tunda la kumenywa, kama ndizi na chungwa, ndilo salama zaidi mtoto awapo njiani. Lakini nanasi lililokatwa tangu asubuhi, likiwa wazi juu ya sinia na nzi wakilisherehekea, lisinunuliwe hata kwa bei ya bure. Naandika hivi si kwa kuwachukia wachuuzi. Wengi wao ni mama zetu na dada zetu. Kitambaa safi au chandarua kidogo juu ya sinia kingewaletea wanunuzi wengi zaidi.

Nimetaja bei, na hapo ndipo wengi hunipinga. "Mwalimu," husema, "maembe twayauza ili tulipe shule na sabuni. Tukiyala sisi, tutalipa nini?" Ni neno la haki, na mtu asiyejua taabu ya jamaa zetu baada ya vita nyingi hana ruhusa ya kulidharau. Mvua za mwisho wa mwaka zinapokuja, beseni la maembe ni fedha. Lakini tazameni njia ya fedha hiyo. Kijana wa miaka kumi akaa kando ya barabara na beseni lake tangu asubuhi. Jioni ameuza nusu. Kwa franka alizopata anunua pakiti ya biskuti, aila njiani pamoja na mdogo wake, na maembe yaliyobaki, ambayo yameanza kulainika, yanatupwa kwa nguruwe. Nguruwe amepata vitamini A. Mimi sisemi msiuze. Nasema kabla beseni halijatoka nyumbani, mama atoe fungu la watoto, embe moja moja kwa kila mmoja, nalo lisiguswe, kama vile mbegu ya kupanda isivyoliwa. Na yale yaliyobaki jioni yasitupwe: yakatwe vipande vyembamba, yaanikwe kivulini penye upepo, juu ya mkeka safi, yakifunikwa chandarua. Jua kali huharibu ile rangi yenye faida. Kazi hiyo ni ngumu siku za mvua, nakubali, wala si kila kundi litakauka vizuri. Lakini mtoto aliyeonja embe kavu mwezi wa pili, wakati mwembe hauna kitu, atakuwa wa kwanza kukusaidia mwaka ujao.

Nanyi wanafunzi, msidhani habari hii ni ya wazazi peke yao. Wale mnaopewa franka chache za kula wakati wa mapumziko, fikirini ni nini mnachonunua mlangoni pa shule. Biskuti ni unga mweupe, sukari na mafuta. Huziba njaa kwa saa moja, huharibu meno kwa miaka, na jioni huondoa hamu ya chakula. Kwa bei hiyo hiyo mara nyingi mngepata ndizi mbili. Tena ninyi wakubwa wa darasa la tano na la sita mnao wadogo nyumbani, nao wadogo huwaiga ninyi kuliko wanavyowasikia wazazi. Mkisema "papai lanuka", nyumba nzima itasema papai lanuka.

Nawapeni na kazi, maana mtoto hupenda kula alichokiotesha. Lengalenga hupandwa kando ya jiko, zikimwagiwa maji yaliyooshea vyombo, nazo huwa tayari baada ya wiki tatu au nne. Hata mtoto wa miaka mitano aweza kungoja muda huo bila kuchoka. Marakuja yapande uani na kutambaa juu ya ua. Na papai ndilo tunda la watu wasio na uhakika wa shamba, kwa kuwa laweza kusimama hatua tatu kutoka mlangoni, na laanza kuzaa karibu mwaka mmoja baada ya kupandwa. Jamaa ambayo haithubutu kufika shambani kwa ajili ya watu wenye silaha yaweza bado kuchuma papai asubuhi.

Chukueni mbegu za papai lililo tamu. Ziosheni mpaka ule utando wake wa ulimbo utoke, mzianike kivulini siku mbili tatu. Chimbeni shimo, mlijaze samadi na udongo, mahali pasipotuama maji, maana papai huchukia miguu yenye maji. Tieni mbegu tatu au nne katika shimo moja, si moja, kwa sababu mipapai mingine ni ya kiume nayo haizai. Itakapotoa maua mtaijua, ya kiume ina vishada virefu vinavyoning'inia, nayo ing'olewe, ila mwache mmoja wa kiume kwa ajili ya mipapai kumi ya kike au zaidi. Kati ya shimo na shimo pawe na hatua tatu. Zungusheni miiba, kwa sababu mbuzi wa Baraka hawana haja ya kufundishwa kupenda majani. Na mama aliyeniuliza swali, ampe mwanawe wa miaka minne shimo lake mwenyewe, na kopo lake dogo la kumwagilia, kisha aniandikie papai la kwanza likiiva.